Laini ya Simu Haina Mlango wa Kuingilia: Kisa cha Maduka Saba na VPN Yao

Kisa hiki ni cha kampuni moja ya Tanzania inayouza pembejeo: mbegu, mbolea, dawa za mimea na za mifugo. Nilikuwa fundi wao wa mitandao tangu siku ya kwanza, kwa hiyo baadhi ya makosa yatakayosomwa hapa ni yangu mwenyewe. Jina la kampuni, miji ya maduka na majina ya mitandao ya simu nimeyaondoa. Maduka nimeyapa namba. Mambo ya kiufundi nimeyaacha kama yalivyokuwa, maana ndiyo yatakayomfaa fundi mwingine anayetaka kuunganisha matawi kwa laini za simu.

## Biashara na mahitaji yake

Makao makuu na ghala kuu viko Dar es Salaam. Maduka saba yako mikoani, mengi katika miji ya wilaya. Mwanzoni mwa 2022, tulipoanza kazi hii, faiba ilikuwa haijafika kwenye mitaa yao. Kila duka lina kompyuta mbili, printa ya ankara, mashine ya EFD (ya kutoa risiti za kodi) yenye laini yake, na meneja ambaye pia ndiye muuzaji na mtunza stoo.

Mfumo wa mauzo na stoo uko kwenye seva moja, makao makuu. Mwenye kampuni hakutaka kuuhamishia kwenye seva ya kukodi. Leseni alishailipia, na daftari la wakulima wanaokopeshwa pembejeo alitaka likae chini ya macho yake. Nilikubaliana naye, na bado nakubaliana naye.

Kazi ilikuwa kuliwezesha kila duka kuiona seva kana kwamba iko chumba cha pili, na mtu mwingine yeyote asiione. Kwa hiyo VPN, yaani handaki lililofungwa kwa siri kupitia intaneti ya kawaida. Na njia pekee ya intaneti iliyofika madukani ilikuwa laini ya 4G ndani ya rauta.

## Jaribio la kwanza: kumpigia asiye na namba

Wakati huo hata makao makuu yalikuwa kwenye 4G. Niliweka VPN ya aina ya L2TP/IPsec kwenye rauta ya makao makuu, nikafungua akaunti ya jina la DNS (mfumo unaogeuza majina kuwa anwani za intaneti) linalojisasisha kila anwani inapobadilika, nikayaelekeza maduka yote yapige kwenda kwenye jina hilo. Nilifanya hivyo kwa sababu ndivyo nilivyozoea kufanya kwenye faiba.

Siku mbili nzima hakuna duka lililounganika. Nikabadili nywila, nikabadili poti, nikabadili hata rauta yenyewe. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote, kwenye ukurasa wa kwanza wa rauta: anwani iliyopewa na mtandao wa simu ilianza na 100.72.

Anwani za kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa Aprili 2012, katika waraka wa RFC 6598, kwa kazi moja. Mtoa huduma anazigawa kwa wateja wake ndani ya nyumba yake, kisha wateja wengi wanatoka nje kupitia anwani moja ya umma. Mitandao mingine hugawa anwani zinazoanza na 10, lakini mpango ni uleule. Anwani za IPv4 hazitoshi, na wenye simu ni wengi mno.

Anayekumbuka sanduku la posta la shule ataelewa haraka. Wanafunzi mia sita, S.L.P. moja. Ukiandika barua kwenda nje, jibu litakufikia kwa sababu mwalimu wa zamu anakumbuka nani aliandika kwa nani. Lakini barua ya mgeni isiyo na jina lako, iliyoandikwa namba ya sanduku tu, haina wa kumkabidhi. Inabaki mezani. Jina langu la DNS lilionyesha sanduku la posta la mtandao wa simu, wala si la mteja wangu, na kila pakiti, yaani kila kipande cha data, ya maduka iliishia mezani kwa mtoa huduma.

Laini ya simu ya kawaida, basi, inakuruhusu kutoka, lakini haina mlango wa kuingilia. Pande mbili zote zikiwa kwenye laini za namna hiyo, hakuna hata upande mmoja wa kupigiwa.

## Tulivyoamua, na kwa nini

Tulikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ni kuomba anwani ya umma isiyobadilika kwenye laini ya makao makuu. Mtandao wa kwanza ulituambia huduma hiyo haipo kwa laini za data za kawaida. Wa pili ulisema ipo, ila baada ya wiki tatu za barua pepe hapakuwa na mkataba.

Ya pili ni APN ya faragha. Hapa laini zote za kampuni zinaingia kwenye mlango wao maalumu ndani ya mtandao wa simu, kila laini inapewa anwani ya kudumu, na mawasiliano ya duka na makao makuu hayagusi intaneti kabisa. Ni huduma nzuri, na kwa benki yenye mamia ya mashine za ATM ningeipendekeza bila kusita. Kwa laini nane, gharama ya kuanzia haikubebeka. Tena ingetufunga kwenye mtandao mmoja wa simu, wakati kila mji una mtandao wake unaoshika vizuri.

Ya tatu ndiyo tuliyoichukua: kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma mahali pengine, iwe kitovu. Maduka yapige kwenda kwenye kitovu, makao makuu nayo yapige huko huko, na kitovu kipokee cha huyu na kumpa yule. Kwa kuwa wote wanatoka, hakuna anayehitaji mlango wa kuingilia.

Kitovu nilikiweka Ujerumani. Bei ilikuwa nafuu, malipo ni kwa kadi, na seva iliwaka ndani ya dakika tano. Sikuwaza zaidi ya hapo. Uamuzi huo tutaurudia.

Kwa handaki lenyewe niliacha L2TP na kutumia WireGuard, iliyokuwa imeingia kwenye kiini cha Linux tangu Machi 2020 na ambayo rauta zetu za MikroTik zilikuwa zimeipata kwenye toleo la 7. Sababu haikuwa kasi. WireGuard humtambua mwenzake kwa ufunguo wake, wala haijali anakuja kutoka anwani gani. Laini ya simu hubadilishiwa anwani mara kwa mara: rauta ikizimika na umeme ukirudi, laini ikihama mnara, mtandao ukifanya matengenezo usiku. IPsec ya zamani inaweza kubaki imeng'ang'ania anwani iliyokufa mpaka muda wake uishe. WireGuard hupokea pakiti moja halali kutoka anwani mpya, na kazi inaendelea.

Kulikuwa na mambo mawili madogo yaliyohitaji kuwekwa sawa. La kwanza ni hodi. Yule mwalimu wa zamu kwenye sanduku la posta husahau: duka likikaa kimya dakika chache, mtandao wa simu unafuta kumbukumbu kwamba duka lilikuwa na mazungumzo na kitovu, na kuanzia hapo makao makuu hayawezi kulifikia duka mpaka duka lenyewe lianze kusema. Tuliweka kila rauta ibishe hodi kila sekunde 25. Meneja mmoja aliogopa kwamba hodi zitamaliza bando, nikampigia hesabu: pakiti ya baiti 60, mara 3,456 kwa siku, ni takriban MB 6 kwa mwezi. Akatulia.

La pili ni sheria. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kwa kazi zao kutoa taarifa za VPN hizo, pamoja na anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Kwa sababu tulikuwa na kitovu kimoja chenye anwani moja isiyobadilika, kujaza taarifa kulichukua nusu saa. Kampuni rafiki iliyokuwa ikitumia VPN za bure za kwenye simu ilihangaika wiki nzima kutafuta ijaze nini.

## Bando

Mwezi wa kwanza matatizo yote yaliyoletwa kwangu yalianza na sentensi moja: "Fundi, mfumo umegoma." Mara nyingi mfumo haukuwa umegoma. Bando lilikuwa limekwisha.

Mfumo wa mauzo wenyewe ulikula chini ya GB 2 kwa mwezi kwa duka. Zilizobaki zilikwenda kwenye masasisho ya Windows, ambayo kompyuta mbili zilikuwa zikiyapakua kila moja peke yake, na kwenye video baada ya saa za kazi. Niliyazuia yote kwenye rauta: kutoka dukani kuliruhusiwa kwenda kwenye handaki, seva ya saa, na anwani chache tulizozitaja kwa jina, basi. Masasisho tukayapeleka kupitia diski ya USB wakati wa ukaguzi wa stoo. Kuna mameneja walionuna, lakini GB 5 za bando zikaanza kutosha na kubaki.

Lililokuwa gumu zaidi ni kuunga bando kwenye laini iliyo ndani ya rauta. Duka namba 3, meneja alikuwa akizima rauta, anachomoa laini, anaitia kwenye simu yake, anaunga bando, anairudisha. Siku moja aliirudisha kichwa chini ikakwama, na duka likakaa siku mbili bila mfumo. Siku nyingine laini ilisahaulika ndani ya simu. Tulimaliza hilo kwa kununua bando zote kutoka makao makuu kwa pesa za simu, kwa kumnunulia namba nyingine, tarehe 25 ya kila mwezi. Mhasibu alibandika orodha ya namba nane ukutani.

Na laini zenyewe zilikuwa za nani? Ziliposajiliwa mwanzoni, mameneja walitumia vitambulisho vyao vya NIDA ili kuokoa muda. Meneja wa duka namba 5 alipoacha kazi, alikwenda kufunga laini zilizosajiliwa kwa jina lake lakini si zake, kama anavyopaswa kufanya mtu makini, na duka likazimika saa tano asubuhi. Hakuwa na kosa lolote. Tukahamisha laini zote kwenye jina la kampuni, kazi iliyotupasa kuifanya siku ya kwanza.

## Ripoti iliyoganda

Duka namba 6 lilikuwa na ugonjwa wa ajabu. Kuingia kwenye mfumo kunaingia. Kuuza kunauza. Ukiomba ripoti ya stoo, ukurasa unabaki mweupe mpaka uchoke. Maduka mengine yaliyotumia mtandao huohuo wa simu katika miji mingine hayakuwa na shida hiyo.

Ishara ilikuwa kwenye ukubwa. Vitu vidogo vinapita, vikubwa vinakufa. Nilituma pakiti za majaribio kutoka kwenye rauta ya duka, zenye alama ya kukataza kukatwa vipande, nikipunguza ukubwa kidogo kidogo. Mzigo wa baiti 1,372 ulipita; 1,373 ulipotea bila taarifa yoyote. Ukiongeza baiti 28 za vichwa, njia hiyo ilikuwa inabeba 1,400 badala ya 1,500 za kawaida. Mitandao ya simu hufunga kila pakiti yako ndani ya bahasha yao wenyewe kutoka mnarani hadi kituoni, na bahasha hiyo inakula nafasi. Kwa kawaida pakiti ikizidi ukubwa, kifaa cha njiani hurudisha ujumbe kwamba punguza. Hapa ujumbe huo ulikuwa unazuiwa mahali fulani, kwa hiyo seva iliendelea kutuma pakiti kubwa kwenye shimo.

WireGuard kwa chaguo lake huweka handaki la 1,420. Peke yake inaongeza baiti 60 juu ya IPv4, na hapo tayari tulikuwa 1,480 kwenye njia ya 1,400. Niliweka 1,300 kwa maduka yote, na rauta zikaagizwa kuzishikisha kompyuta kikomo cha 1,260 kwa kila mazungumzo ya TCP. Ripoti ilifunguka kabla sijakata simu. Tangu hapo naanza na 1,300 kwenye laini yoyote ya simu. Kasi inayopotea haionekani kwa macho, na siku unazookoa ni nyingi.

## Jumatatu, 13 Mei 2024

Miaka miwili mambo yalikwenda. Katikati ya 2023 faiba ilifika makao makuu, ikiwa na anwani ya umma isiyobadilika. Tuliitumia kwa intaneti ya ofisi na kuiacha VPN ilivyo, inazungukia Ujerumani. Ilikuwa inafanya kazi, na sikuwa na sababu ya kuigusa. Pakiti ya duka la Kanda ya Ziwa ikienda Dar es Salaam na kurudi ilikuwa inafika Ujerumani mara mbili, milisekunde kama 350 kwa safari nzima. Mameneja walishazoea kubonyeza na kusubiri.

Februari 2024 nyaya kadhaa za chini ya bahari zilikatika katika Bahari ya Shamu, Seacom ikiwamo. Mawasiliano mengi ya Afrika Mashariki kuelekea Ulaya yakategemea zaidi kuzunguka kusini. Kisha Jumapili, tarehe 12 Mei, nyaya za EASSy na Seacom zikakatika upande wa Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia sana.

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi mhasibu alinipigia: "Kaka, sioni duka hata moja." Baada yake wakaanza mameneja, mmoja baada ya mwingine. Simu za kawaida zilikuwa zinapita vizuri, na hiyo peke yake ingenipa jibu. Duka lilikuwa hewani. Makao makuu yalikuwa hewani. Minara ilikuwa mizima, faiba ya Dar es Salaam ilikuwa nzima, na mitandao ya ndani ilikuwa inaendelea kupeana mawasiliano pale TIX, kituo cha Dar es Salaam ambako watoa huduma wa nchini hukutana. Maduka saba ya Tanzania hayakuweza kusema na ghala la Tanzania kwa sababu mimi niliweka mahali pao pa kukutana ng'ambo ya bahari.

Suluhisho lilikuwa wazi: kuifanya rauta ya makao makuu iwe kitovu kwa anwani yake ya umma ya faiba. Upande wa Dar es Salaam ulinichukua dakika arobaini. Upande wa maduka ulinitesa, kwa sababu nilikuwa naziendesha rauta za maduka kupitia VPN ileile iliyokufa. Mameneja hawakuwa na nywila za rauta, kwa makusudi, na sasa ilibidi niwape kwa simu, kisha niwaongoze mstari kwa mstari: fungua hapa, futa namba hii, andika hii. Duka namba 2 lilikuwa rahisi kwa sababu meneja wake ana mtoto anayesoma kompyuta. Duka namba 7 tulianza mara nne. Kufikia saa nne usiku maduka manne yalikuwa yamerudi. Mawili yalirudi Jumanne. La saba lilirudi Jumatano, baada ya fundi wa simu wa pale mjini kukaa nalo.

Siku hizo tatu waliandika kwenye madaftari. EFD ziliendelea kutoa risiti kwa kuwa zina kumbukumbu zake zenyewe. Kuingiza mauzo ya daftari kwenye mfumo kulichukua wiki, na stoo ya maduka mawili haikulingana mpaka ilipohesabiwa upya kwa mkono. Dawa za kuhifadhia mahindi zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kutoka, na duka moja liliuza katoni ambazo ghala lilikuwa limeshazigawia duka jingine.

## Tulichojenga baada ya hapo

Kitovu cha kwanza sasa ni makao makuu, kwenye faiba. Cha pili ni seva ndogo ya kukodi ndani ya Dar es Salaam, kwa mtoa huduma mwingine. Kila duka lina mahandaki mawili yaliyo wazi muda wote, na makao makuu yenyewe yana laini ya 4G inayopiga kwenda kitovu cha pili faiba ikifa. Anwani za vitovu zimeandikwa kwa namba ndani ya rauta, si kwa jina, kwa sababu siku ile tuligundua kwamba hata maduka ambayo yangeweza kufika Dar es Salaam yalikuwa yanauliza majina kwenye seva ya DNS iliyoko nje. Seva ya Ujerumani tumeibakiza kwa kazi moja, kuhifadhi nakala za usiku. Taarifa za VPN zilizokuwa TCRA tukazisahihisha.

Maduka yote yakapewa rauta ya laini mbili, mitandao tofauti. Laini ya pili hushika ya kwanza ikishindwa kufikia kitovu chochote. Tahadhari kwa anayenunua: rauta nyingi za laini mbili zina modemu moja, kwa hiyo kuhama kunachukua hadi dakika moja au zaidi, na hazitumii laini zote mbili kwa pamoja.

Na rauta sasa zinapokea amri kwa SMS. Ujumbe wenye neno la siri, kutoka namba mbili tu zinazokubalika, unaendesha moja kati ya amri tatu nilizoziandaa: rudi kwenye mpangilio wa akiba, hamia laini ya pili, jiwashe upya. SMS haihitaji bando wala intaneti.

Antena ya nje tulifunga kwenye duka namba 4 peke yake, jengo la bati ambamo rauta ilikuwa chini ya kaunta. Nguvu ya mawimbi ilitoka -112 dBm ikafika -96. Kila dB 3 ni karibu maradufu, kwa hiyo hiyo ni mara arobaini. Lakini nusu ya nafuu hiyo ilipatikana kwa kuihamishia rauta dirishani, kabla antena haijafungwa.

## Matokeo

Safari ya pakiti kutoka duka la Kanda ya Ziwa hadi seva na kurudi imeshuka hadi kati ya milisekunde 45 na 70. Mameneja hawakujua takwimu hiyo, ila wawili walinipigia kuuliza kama tumenunua seva mpya. Mwezi Septemba 2024 wachimba mtaro walikata faiba ya makao makuu mchana wa kazi. Maduka sita yalihamia kitovu cha pili bila mtu kupiga simu. Moja lilihitaji SMS. Duka namba 1 lilivunjwa usiku na rauta ikaibwa. Asubuhi nilifuta ufunguo wake kwenye vitovu vyote viwili kabla polisi hawajamaliza kuandika maelezo, na rauta mpya ikapewa ufunguo wake.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi tangu mwanzo ni WireGuard yenye hodi, kuwafungia maduka kila kisicho cha kazi, na ufunguo mmoja kwa kila duka. Sijawahi kujutia lolote kati ya hayo.

Kosa kubwa lilikuwa mahali pa kitovu, na linastahili kuchunguzwa kwa sababu halikuonekana kama kosa. Nilipochagua Ujerumani nilijibu swali la "wapi kuna anwani ya umma kwa bei nafuu". Sikuuliza pakiti ya duka itapita nchi ngapi kabla ya kufika ghalani. Kwenye laini za simu swali hilo ni zito kuliko kasi, kwa kuwa CGNAT, yaani ule mpango wa wateja wengi kutoka kwa anwani moja ya umma, inakulazimisha uwe na mahali pa tatu pa kukutania, na hapo pa tatu panaweza kuwa popote duniani. Faiba ilipofika makao makuu mwaka mmoja kabla ya kukatika kwa nyaya, sababu ya kuwa Ujerumani ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyeniuliza, nami sikujiuliza. Uamuzi uliofanywa kwa sababu ya uhaba unahitaji kuandikwa pamoja na sababu yake, ili sababu ikiondoka mtu aone.

Kosa la pili ni kuendesha rauta kupitia njia ileile ambayo rauta zinaibeba. Nililiona kama usalama, na kwa kiasi fulani lilikuwa usalama: hakuna rauta ya duka iliyokuwa inapokea mtu kutoka intaneti. Lakini usalama huo ulipaswa kuwa na mlango wa dharura usiopita kwenye data. SMS iliyofungwa kwa namba mbili na neno la siri imeziba pengo hilo bila kufungua jingine kubwa.

Kuhusu APN ya faragha, wenzangu wawili waliosoma rasimu ya kisa hiki waliniambia ingezuia balaa la Mei. Ni kweli, kwa sababu isingetoka nje ya nchi. Lakini kitovu cha Dar es Salaam kingezuia vilevile, kwa gharama ndogo zaidi, na duka likabaki huru kuchagua mtandao unaoshika pale lilipo. Maduka yakifika thelathini, hesabu hiyo nitaipiga upya.

Laini mbili nazo zimetupa funzo ambalo hatujalimaliza. Minara mingi nchini ni ya kampuni za minara zinazopangisha kwa mitandao zaidi ya mmoja. Katika mji wa duka namba 6, mitandao yetu yote miwili imepanga kwenye mnara mmoja. Umeme unapokatika pale kwa muda mrefu kuliko betri za mnara, laini mbili zinakufa kwa pamoja, na rauta inahama kutoka laini moja iliyokufa kwenda nyingine iliyokufa. Imetokea mara tatu. Mtandao wa tatu unashika upande wa pili wa mji, kilomita moja na nusu kutoka dukani, na mwezi ujao tunakwenda kupima kama antena ya mwelekeo mmoja juu ya paa itaufikia. Mpaka hapo, meneja wa namba 6 anabaki na daftari lake chini ya kaunta, na kila Ijumaa ananitumia picha ya kurasa alizoandika.